Taa Iliyogoma Mbele ya Kizuizi

Vijana wa gereji, nitaanza kwa kujisifu. Mmezoea wazee wanaoanza kwa kusema kwamba wao si kitu, walijaliwa tu. Mimi ni kitu. Nimekuwa fundi umeme wa magari hapa Kolwezi tangu baba zenu wengine wakichezea magari ya waya, na kama kuna gari kuukuu linalopita barabara ya Mutshatsha jioni likiwa na taa zake zote, huenda vidole vyangu viliwahi kuingia chini ya dashibodi yake. Nina diploma. Niliitundika ukutani siku niliyofungua gereji, nikaishusha siku niliyostaafu, na sasa iko sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kuangalia mpira bila kuiona.

Nasema haya kwa sababu ya mmoja wenu. Ana gereji nzuri, yenye sakafu ya simenti na mashine ya kusoma makosa ya gari. Alinikaribisha, akanipa kiti na soda baridi, kisha akaniambia, kwa heshima kabisa, kwamba taa ya ndani ya gari ni urembo. "Tata, ile lampe ya juu iko ya kupendezesha tu. Ikikufa, unabandika LED, njo basi." Nilimaliza soda yangu nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa kwake. Sasa niko kwangu, na ninajibu.

Kwanza mumjue anayejibu. Nilizaliwa Mutshatsha, mtoto wa mchoma makaa. Hakuna aliyenisomesha. Nilivuka mpaka kwenda Zambia, nikaosha magari Ndola, na jioni, nikiwa bado nanuka sabuni, nikaingia darasani. Lakini mwalimu aliyenitengeneza hakuwa wa darasani. Alikuwa mzee aitwaye Phiri, mwenye gereji ile niliyokuwa naosha magari. Phiri alikuwa na tabia iliyowakera wateja wote: akishaponya gari, aliliharibu tena. Aliurudisha ugonjwa uleule mbele ya mwenye gari, kisha akauondoa mara ya pili, ndipo akakabidhi ufunguo. Wateja walinung'unika kwamba anawachezea. Yeye alisema kama huwezi kuurudisha ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe, hujui ulichoponya. Gari limeamua kupona, na kesho litaamua kuugua. Shikeni hilo, nitalihitaji huko mbele.

Niliporudi Kolwezi na diploma yangu, mafundi wa hapa walinipa jina la Diplome. Kiongozi wao alikuwa Tata Ngoy, mwenye gereji kubwa kuliko zote upande wetu. Halikuwa jina la heshima. Gari likikataa kuwaka waliniita kwa mbali: "Diplome, leta karatasi yako tusukume nayo." Mwingine angenuna. Mimi nilimtafuta mwandika mabango, nikamwambia aliandike jina hilo juu ya mlango wangu kwa herufi ambazo mtu ataweza kuzisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Baada ya muda nikawa Tata Diplome, na hakuna aliyekumbuka kwamba lilianza kama dhihaka.

Nilijenga karibu na Kasulo. Mnapajua, mahali ambapo watu walichimba kobalti chini ya vitanda vyao. Nilipochimba shimo la kufanyia kazi chini ya magari, shimo la kawaida la gereji, majirani walikuja na magunia. Hawakuamini kwamba mtu mwenye akili anaweza kuchimba ardhi ile kwa ajili ya kutazama gari kwa chini. Walichungulia, wakaniona mimi na ekseli, wakaondoka wakiwa na hakika kwamba nimeficha. Baadaye wakanishauri nichimbe kweli. Walisema chini ya benchi langu kuna utajiri. Niliwajibu kwamba utajiri uko juu ya benchi. Nyumba za kushoto kwangu zimetitia. Gereji yangu imesimama mpaka leo, na benchi liko palepale.

Sasa tuje kwenye kazi. Taa ya ndani ikifa, msikimbilie kununua balbu. Tazameni kwanza kidude cha kuwashia kilichoko kwenye taa yenyewe. Kina mahali pa kuwaka, mahali pa kuzima, na mahali ambapo taa husubiri mlango ufunguliwe. Mtu akipakia gunia la unga wa mahindi, gunia likasugua dari, kidude kinasogea, na gari linaletwa gerejini kwamba taa imekufa. Nimeponya magari mengi kwa kidole kimoja na sikuona haya kuitwa fundi.

Kidude kikiwa sawa, iulizeni redio. Katika magari mengi taa ya ndani, saa na kumbukumbu ya redio hula kwenye fyuzi moja. Redio ikisahau stesheni zake kila gari likizimwa, na saa ikaanza kuhesabu upya kama mtoto, msipande darini. Ugonjwa uko kwenye fyuzi. Na hapo ndipo sisi wa Kolwezi tulipo na kosa letu la peke yetu. Kwingine mtu akikosa fyuzi hutembea bila taa. Sisi tunakaa juu ya shaba. Mtu anang'oa uzi mnene wa shaba kwenye kebo, anauchomeka mahali pa fyuzi, kisha anakuambia kwa majivuno kwamba hii haitaungua kamwe. Kweli, haiungui. Linaungua gari. Kazi ya fyuzi ni kufa ili gari lisife. Nilikuwa na kopo la maziwa limejaa vipande vya shaba nilivyong'oa kwenye magari ya watu, na kila mwenye gari nilimwonyesha chake, kama daktari wa meno anavyokuonyesha jino.

Kama taa inawaka kwa kidude lakini haiwaki mlango ukifunguliwa, nendeni kwenye kitufe kidogo kilichoko kwenye fremu ya mlango. Vumbi letu jekundu hukigandisha. Kibonyezeni kwa kidole, kisafisheni, mvute waya wake muone kama bado umeshika. Na kama gari lilikuja na usukani kulia, mtu wa hapa akauhamishia kushoto, ongezeni uvumilivu. Waliohamisha usukani walikata nyaya na kuzisokota upya kwa kubahatisha. Niliwahi kuletewa teksi kutoka Lubudi iliyowasha taa ya ndani kila dereva alipopiga honi. Aliyeileta alikuwa mwenye teksi. Dereva mwenyewe hakutaka iguswe, alisema abiria wanaipenda.

Mwisho kuna masi. Umeme ukishafika kwenye taa lazima urudi kwenye betri, na hurudia kwenye bodi ya gari. Pale waya unapofungwa kwa boliti kwenye chuma cha bodi, ndipo tunapoita masi. Fundi mvivu hufuata umeme unakokuja, na akiukuta anaridhika. Mimi hufuata pia unakorudi. Na hapa namleta Mama Kapinga, nione kama yule mwenye soda ataendelea kusema urembo.

Mama Kapinga alikuwa mjane, wa familia ya watu wa Kasai walioletwa zamani kufanya kazi za mgodi. Alikuwa na basi dogo lililopeleka wafanyakazi wa zamu ya usiku kwenye mgodi mmoja nje ya mji. Dereva wake alikuwa Kasongo, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mkimya, aliyeendesha taratibu hadi abiria wakamtania kwamba anaogopa kuiamsha barabara.

Mnaijua desturi ya vizuizi vyetu. Jua likizama, gari linalokaribia lango hupunguza taa za mbele na kuwasha taa ya ndani, walinzi wapate kuona sura za watu. Usipowasha, unaficha. Na kwenye lango la mgodi, anayeficha anaficha mtu aliyelala sakafuni, anayeingizwa kwenda kuchimba asikoruhusiwa. Basi la Mama Kapinga lilikuwa likija taa inawaka, abiria wanaonekana tangu mbali, hata anayepiga miayo unamwona. Likisimama tu mbele ya kizuizi, taa inazimika. Sokoni haikuzimika. Gerejini haikuzimika. Ilizimika pale tu, mbele ya uso wa mkuu wa walinzi, ambaye kila mtu alimwita Shefu. Na Shefu aliona anachoweza kuona mtu yeyote: dereva anamzimia taa.

Abiria walishushwa wote, viti vikapekuliwa, zikapatikana ndala za mtu na ganda la ndizi. Jioni iliyofuata vilevile. Na iliyofuata. Watu walichelewa kazini, wakamlaani Kasongo. Hatimaye Shefu akasema kwamba ikiendelea hivyo mpaka mwisho wa wiki, Kasongo atafungiwa lango. Nanyi mnajua maana yake. Dereva aliyefungiwa lango moja kwa kuficha watu hapewi usukani kwenye lango lingine lolote la mkoa wetu wa Lualaba. Angebaki kusukuma toroli.

Mama Kapinga alianzia kwa Tata Ngoy. Tata Ngoy akabadilisha balbu. Akabadilisha taa nzima. Akaiacha iwake gerejini kwake tangu asubuhi mpaka mchana, na haikupepesa. Kisha akatoa hukumu mbele ya watu waliokuwepo: "Motokari iko muzima, Mama. Mwenye kugonjwa njo shofere."

Ndipo akaja kwangu. Nilimpa kiti, hakukaa. Kasongo alikuwa amesimama karibu na basi, anatazama tairi, na alikuwa anasikia kila neno.

"Tata Diplome," Mama Kapinga akasema, "mi sikuombi lampe tu. Batu banaanza kusema mi njo ninamutuma. Uniambie kweli. Kama njo yeye anazima, nijue."

Huo ndio urembo, vijana. Mwanamke anamshuku shemeji yake aliyekula naye sahani moja tangu msiba, kwa sababu ya balbu ndogo kuliko kidole.

Nilipima basi lile kwa taa yangu ya majaribio. Kidude sawa, fyuzi sawa, na ilikuwa fyuzi ya kweli, si shaba. Umeme unafika darini bila shida. Nikaweka vifaa chini bila kubadilisha kitu chochote. Hili pia mlijue: fundi anayebadilisha kitu ili aonekane amefanya kazi anaficha nyayo za ugonjwa. Nilimwambia Mama Kapinga kwamba gari hili haliugui gerejini, kwa hiyo jioni nitapanda nalo.

Nilikaa chini ya taa yenyewe, shingo nimeikunja nyuma. Abiria walifurahi sana. Kulikuwa na mama mmoja mpishi wa kantini ya mgodi, mwenye sauti ya kujaza basi zima. Akawaambia wenzake, "Munyamaze, Tata Diplome eko anasoma lampe. Akimaliza ukurasa atatuambia." Walicheka mpaka kituo cha mwisho cha kupakia. Mimi sikushusha macho. Taa iliwaka njia nzima; kwenye mashimo na vituoni ilipepesa tu, nikadhani ni mtikisiko. Tukafika langoni, penye kimteremko, Kasongo akasimamisha basi. Taa ikafifia, ikafa.

Nilishusha macho haraka nikatazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa juu ya usukani.

Shefu alikuja na tochi yake, akanimulika usoni, akauliza kama nimeona kwa macho yangu sasa. Nikamwambia nimeona mikono ya dereva na haikugusa kitu. Akasema basi ana kitufe mahali pengine. Tulishushwa wote. Mimi, mtu mzima mwenye diploma, nilivuliwa viatu, na mfuko wangu wa bisibisi ukamwagwa chini kwenye vumbi. Nilizikusanya moja moja. Nilikuwa nimeshaamua kwamba siku moja Shefu mwenyewe ataketi kwenye kiti cha Kasongo.

Tulirudi basi likiwa tupu. Nilibaki chini ya taa. Karibu na reli mbuzi wakavuka barabara, Kasongo akawapisha. Taa ikafa, kisha ikarudi. Mbele kidogo kulikuwa na shimo. Ikafa, ikarudi. Nilimwambia asimame, asizime injini.

"Toa mguu kwenye breki."

Taa ikawaka.

"Kanyaga."

Ikafa.

Kasongo akageuka kwenye kiti akaitazama taa. Akakanyaga mwenyewe bila kuambiwa, akaachia, akakanyaga tena. Kisha akasema polepole, "Kumbe njo mi. Njo mi nilikuwa nazima."

"Mguu yako njo ilikuwa inazima," nikamwambia. "Wewe hapana."

Fikirini. Ni wapi dereva anasimama akiwa ameshika breki kwa mguu? Sokoni Kasongo alivuta breki ya mkono akashuka kufunga mizigo. Gerejini nani anakaa kwenye kiti akikanyaga breki saa nzima? Lakini langoni amri ni injini iwake, mikono iwe juu ya usukani, na pale kuna mteremko. Mguu lazima ukae kwenye breki. Tata Ngoy angeweza kuliangalia lile basi mpaka azeeke.

Nilishuka nikaenda nyuma, nikamwambia akanyage tena. Taa za breki zilikuwa nyekundu hafifu. Mimi ni mtoto wa mchoma makaa, nayajua makaa yanayokufa, na ndivyo zilivyokuwa. Hakuna aliyewahi kulisema, kwa sababu anayefuata basi kwenye barabara ya mgodi haoni taa, anaona vumbi.

Asubuhi nilifungua pembe ya nyuma ya basi. Pale kulikuwa na boliti iliyoshika masi ya taa za breki pamoja na masi ya taa ya darini. Nikaifungua. Chini ya kipete, ile pete ndogo iliyo ncha ya waya, mahali ambapo chuma kinatakiwa kubusu chuma, palikuwa na rangi ya njano, laini, nzuri, imekauka vizuri.

Nilimwita Mama Kapinga nikamwuliza rangi ile ilipakwa lini. Akasema ilikuwa ni sharti la mgodi: kila basi la kubeba wafanyakazi liwe na mkanda mpana wa njano kuzunguka bodi. Yeye hakutaka kazi ya ovyo, akatafuta fundi bora wa kupaka rangi. Na mtu yule alikuwa bora kweli. Alifungua kila boliti, hata ambayo wengine wangeizunguka tu kwa brashi, akapaka chini yake, akairudisha. Basi likapendeza. Mkanda uliowekwa ili lango limpokee Kasongo ndio uliokuwa unamfungia lango.

Jinsi inavyotokea ni hivi. Rangi haikuziba njia yote, umeme kidogo ulipita kwenye meno ya boliti. Taa ya darini ni ndogo, ikiwa peke yake inapita kwenye mlango huo mwembamba na kuwaka kama kawaida. Breki ikikanyagwa, zinakuja taa mbili zenye njaa kubwa, zinajaza mlango, na ile ndogo inabaki nje. Nilikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikakaza boliti, nikapaka grisi juu ili kutu isipate nafasi. Kasongo akakanyaga breki. Taa ya darini haikushtuka, na zile za nyuma zikawaka nyekundu ya kuumiza macho.

Mama Kapinga akashika kifua, akamshukuru Mungu, akasema sasa Kasongo aende kazini kama kawaida, yamekwisha. Nikamwambia bado. Taa imepona, Kasongo hajapona. Leo taa ikiwaka pale langoni, Shefu atasema dereva ameogopa ameacha mchezo. Nikamtuma mtu kwa yule fundi wa rangi kuomba mabaki ya kopo lilelile. Nikakata kipete chembamba cha bati, nikakipaka njano pande zote mbili, nikakianika juu ya paa la gereji. Mzee Phiri angecheka.

Jioni nilipanda tena, na safari hii Mama Kapinga naye akapanda. Tulifika langoni. Basi likasimama kwenye kimteremko chake, taa ikiwaka juu ya vichwa vyetu. Shefu akaja, akatazama darini, akatabasamu kama nilivyojua atatabasamu.

"Leo umekubali kuiacha," akamwambia Kasongo. "Muzuri. Shuka, uombe musamaha mbele ya bote, kisha utapita."

Mama Kapinga akainama mbele, akamnong'oneza shemeji yake aombe tu, waende, watu wawahi zamu. Kasongo akaweka mkono kwenye mlango.

"Hataomba," nikasema.

Nilishuka mimi. Shefu akaniuliza mimi ni nani wa kumjibia. Nikamwambia mimi ni yule aliyevuliwa viatu. Nikaenda nyuma ya basi, nikafungua boliti, nikaweka kile kipete cha njano chini ya waya, nikakaza. Kisha nikarudi mbele nikamwomba Kasongo avute breki ya mkono ashuke, nikamwambia Shefu apande kwenye kiti cha dereva. Alikataa. Alisema hana muda wa michezo. Mama mpishi akatoa kichwa dirishani.

"Panda, Shefu. Iko kiti tu, haina miiba."

Walinzi wake wakacheka, na hapo hakuwa na njia. Akapanda. Taa ilikuwa inawaka juu yake. Nikamwambia aweke mikono yote miwili juu ya usukani, kila mtu aione, na akanyage breki kama dereva anayesimama langoni.

Akakanyaga. Giza likaingia ndani ya basi.

Nilisubiri kidogo, walioko nje wapate kuona vizuri. Kisha nikauliza, bila kupaza sauti, "Shefu, juu ya nini unatuzimia lampe?"

Aliondoa mguu, taa ikawaka. Uso wake ulionekana wote. Akakanyaga tena, nadhani bila kutaka, na taa ikafa tena. Kutoka nyuma gizani ikaja sauti ya mama mpishi: "Uko unaficha nani humo, Shefu?"

Kicheko kile nadhani kilisikika mpaka kwenye mashimo ya mgodi. Nilirudi nyuma, nikatoa kipete cha njano, nikakaza boliti chuma kwa chuma, nikamwambia akanyage mara ya mwisho. Taa ikabaki. Alikaa pale muda, mguu kwenye breki, anatazama juu, na hakuna aliyemharakisha. Aliposhuka nilimpa kile kipete mkononi, nikamweleza habari ya rangi na boliti. Alikigeuza geuza, akanirudishia. Kisha akaenda mwenyewe kwenye kizuizi, kazi ambayo mkubwa hafanyi, akakiinua kwa mikono yake.

"Pita," akasema.

Kasongo alikuwa amesharudi kwenye kiti. Hakuondoka. Aliacha mguu kwenye breki, taa ikammulika, akamtazama mtu yule kwa dirisha lililo wazi. Mama Kapinga alitaka kusema kitu, nikamgusa bega. Kizuizi kilikuwa juu, magari nyuma yetu yakaanza kupiga honi, na yule mkimya, mwoga wa kuamsha barabara, alikaa tu.

"Siyo we," Shefu akasema mwishowe. "Siyo we njo ulikuwa unazima."

Kasongo akatoa mguu kwenye breki, tukapita.

Tata Ngoy alisema nilibahatisha. Alilisema hilo miaka yote iliyofuata, na miaka yote hiyo aliniletea magari yenye magonjwa ya masi, akieleza kila mara kwamba yeye ana shughuli nyingi. Niliyapokea. Kila gari nililiponya, nikaliharibu mbele yake, nikaliponya tena, naye alisimama hapo mikono mfukoni akitazama angani.

Kwa hiyo wewe kijana mwenye mashine ya kusoma makosa, isome. Ni kitu kizuri, ningekuwa nayo ningewatesa watu zaidi. Lakini hiyo mashine haikai nyuma ya dereva jioni, haipandi basi, haivuliwi viatu. Hata LED yako inarudi nyumbani kwa kupitia boliti. Siku ikizimika mahali pamoja tu, mbele ya watu walewale, usiseme dereva mgonjwa. Kazi hii niliisomea, nikaifanya kwa mikono, na sitapunguza hata neno moja ili wenye sakafu za simenti walale vizuri.

Siku hizi niko nyumbani. Kasongo bado anaendesha, sasa ni basi jingine la Mama Kapinga, kubwa zaidi. Kwenye pembe ya nyuma nilifungua boliti ya masi mimi mwenyewe, nikakwangua rangi, kabla halijabeba abiria wa kwanza. Jioni akishawapeleka watu wa zamu, hupita mbele ya geti langu. Hapigi honi. Anasimama, mguu kwenye breki, na taa inawaka juu ya viti vyote vilivyo vitupu, nami namwona uso wake wazi. Siinuki. Nainua mkono, naye anaondoka.

Jirani yangu husema yule dereva anachosha betri bure. Namwambia amwache. Betri ile naijua, na masi yake niliikaza mimi.